Ng'ombe Aliyeingia Kichaka cha Makaburi

Nilipokuwa mtoto, kwetu ng'ambo ya Mwandoya, nyumba zilikuwa chache hata ukiona moshi mbali ulijua ni wa nani. Kati ya mji wetu na wa baba mkubwa, kaka yake baba, kulikuwa na mbuga tupu na kichaka kimoja cha miiba. Ilisemwa humo walizikwa watu waliokaa pale kabla yetu, na ng'ombe akila majani yake hurudi nyumbani na kifo cha mtoto. Sikumbuki nani aliniambia. Nililijua tu, kama nilivyoijua njia ya kisimani.

Kiangazi kimoja, nikiwa nachunga, ng'ombe wetu Madoa aliingia humo. Ndiye pekee aliyekuwa na maziwa pale kwetu. Nilimwita, akatoka akitafuna. Baba mkubwa alikuwa akipita, akaona. Jioni alikuja, akaketi uani na baba.

"Huyu hawezi kulala hapa," alisema. "Mtoto wenu Masanja hata kutembea bado. Nipe nimpeleke kwa mganga kule Mwanhuzi, akasafishwe."

Mayu, ndivyo tulivyomwita mama, aliuliza, "Atarudi lini?"

"Akishasafishika."

Baba akainuka, akaenda mwenyewe kumfungua Madoa.

Madoa hakurudi. Masanja, mdogo wangu, alikunywa uji mtupu, akakonda. Nilijua anakufa kwa sababu yangu. Kila alfajiri nilimwekea kiganja kifuani, nikasubiri kiinuke. Baba alinikuta hivyo mara nyingi. Alinipapasa kichwa, akachukua jembe, akaenda kwenye pamba.

Masanja hakufa. Mimi nikakua, nikaenda sekondari Mwanhuzi, na Jumapili moja nikapita kumsalimia mke mdogo wa baba mkubwa, aliyeishi pembeni mwa mji. Zizini kwake alikuwepo ng'ombe mzee mwenye madoa. Nilimwita kwa jina lake. Akageuza shingo, akanijia.

"Kumbe unamjua," yule mama alisema, akifurahi. "Si ndiye ambaye baba yako alimpa kaka yake? Wanangu wamekua kwa maziwa yake."

"Alisafishwa?"

"Asafishwe nini?"

Likizo ilipofika nilimkuta baba aking'oa mabua ya pamba. Nilipiga magoti, nikamsalimia, ndipo nikamwambia Madoa yuko wapi.

"Najua," alisema.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu jioni ile. Ni kaka yangu, Kabula. Ndiye aliyenilea. Ningemwitaje mwongo uani kwangu?"

Aliendelea kung'oa. Nilimsaidia hadi mwisho wa mstari, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu.

Baba mkubwa haikuniwia vigumu kumsamehe. Alitaka ng'ombe, akatumia hofu yetu kumpata. Lakini baba alinikuta zile alfajiri, aliuona mkono wangu ulipo, na neno lake moja tu lingeniondolea hofu, hakulisema. Alimtunzia kaka yake heshima, mimi akaniacha nihesabu pumzi za mtoto.

Sasa mimi ni muuguzi Bariadi. Nikienda nyumbani nampelekea baba sukari na dawa zake za presha, na tunaongea vizuri kuhusu mvua na mifugo. Ila tangu siku ile ya mabua, sijamuuliza tena jambo ambalo jibu lake nalihitaji.