Nilisema Alilala Tu

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu Mnyambe, jina la degedege halikutajwa ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga. Bibi, mama yake mama, alituambia kuna ndege apitaye juu ya paa. Akisikia anatajwa, anarudi. Ukilazimika, ulisema "ugonjwa wa kitoto", tena kwa sauti ya chini. Na mtoto aliyepitiwa na ndege huyo akichomwa sindano, anakufa palepale. Niliyaamini yote mawili bila kuuliza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi wa korosho walifika vijijini na magari yao wenyewe, mitumba imejaa gulioni Newala. Baba alikuwa Tandahimba na magunia, bibi kaenda kumjulia hali dada yake. Mdogo wangu Hamisi alikuwa na siku nane tu, lakini mvua ilitishia na korosho zilikuwa chini. Mama akatoka kuziokota, arobaini bado. Aliniambia nikae na mtoto, anarudi sasa hivi.

Hakuwa amefika mbali Hamisi alipogeuza macho juu. Mdomo ukawa unafyonza kitu ambacho hakipo, na mkono wa kushoto ukaruka, ukaruka, ukaruka. Nilimkumbatia hadi ukatulia. Baadaye kidogo ikaja tena. Nilijua ni nini, jamani, sikuwa mjinga kiasi hicho.

Mama aliporudi alimkuta mtoto wa moto, hataki titi. Tukaenda zahanati. Nesi, mwanamke wa makamo aliyemzalisha mama, akauliza kama mtoto amekakamaa au kushtuka-shtuka. Mama akasema yeye hakuona, akanigeukia. Nesi akainama hadi usawa wa uso wangu.

"Wewe ndiye uliyebaki naye. Alifanya nini? Sema, mwanangu, usiogope."

Nyuma yake, kwenye trei, niliziona sindano.

"Alilala tu," nikasema.

Tukapewa dawa ya homa, tukaambiwa turudi asubuhi hali isipobadilika. Njiani nilitembea kifua mbele, nikijiona nimemwokoa. Kifua kile ndicho ninachokionea aibu kuliko uongo wenyewe.

Asubuhi Hamisi alikakamaa mikononi mwa mama na hakuachia. Gari la mnunuzi mmoja likatukimbiza hospitali. Huko walimchoma sindano, si moja. Nilisimama dirishani nikingoja afe, wala hakufa. Daktari alimwambia mama kwamba degedege la mtoto mchanga likiwahiwa siku ileile linapoanza, mara nyingi huwa nafuu.

Hamisi amekua, lakini miguu haikumbeba, na maneno anayo matatu tu. Bibi hakumung'unya maneno: ndege kaingia kwa sababu mama alitoka kabla ya arobaini. Kijiji kikalichukua hilo, na mama mwenyewe akalikubali. Kila alipomwogesha alimwomba radhi. "Nisamehe, baba, korosho ziliniponza." Mimi nilikuwa nashika ndoo, kimya. Nikasoma, nikaolewa Masasi, kimya vilevile. Nilijiambia nilikuwa mtoto. Sawa, wa miaka tisa alikuwa mtoto. Na yule wa thelathini, aliyekuja likizo na kusikia radhi ileile, akajifanya anatafuta sabuni?

Sijui kama ningesema ukweli pale zahanati Hamisi angetembea. Huenda asingetembea. Ila najua mama asingebebeshwa mzigo ule peke yake.

Mwaka jana nilimweleza. Alikuwa anamlisha Hamisi uji. Alinisikiliza hadi mwisho, kijiko mkononi. Nilitaka anitukane, ningeshukuru. Badala yake akamfuta Hamisi kidevu, taratibu.

"Ungeniambia mapema, Zuhura," alisema, "nami ningepata usingizi."