Maswali ya Bi Orpha Kuhusu Bima

Katika mji wetu huu wa milimani, Kentucky, mbea anayelipwa mshahara ni mmoja tu: Bi Orpha Stidham. Anakaa maktabani, meza yake jirani na yangu mimi ninayepokea vitabu, akiwaandikisha watu bima ya afya. Kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari mlango uko wazi kwa kila mtu. Ukishafungwa, huingii mpaka maisha yako yawe yamebadilika: umeoa, umezaa, umehama, au bima ya kazini imekatika. Na hapo una siku sitini tu. Kwa hiyo Bi Orpha huuliza maswali, nami, Mungu anisamehe, hutega sikio.

Juni ishirini na nane waliingia Delmer Caudill na mkewe, Ilene. Ilene alikuwa na uvimbe kwenye titi, na kliniki ilikuwa imeikataa kadi yake, ambayo hutoka kazini kwa mumewe.

"Kompyuta zao mbovu," Delmer alisema. "Tuandikishe upya, yaishe."

"Juni hii? Lazima kuwe na sababu. Mmehama?"

"Tuhamie wapi, Bi Orpha?"

"Mmepata mtoto?"

Ilene akacheka. "Kwa umri huu? Labda huyu kapata wa nje."

"Kazini je, kuko salama?"

"Salama kabisa," Delmer akajibu, haraka mno.

Bi Orpha akavua miwani. Nikajua amenusa kitu, nami nikaacha kabisa kupanga vitabu.

"Nasema mfano tu," akaanza taratibu. "Mtu ambaye bima yake ya kazini ilikatika Aprili thelathini, mwisho wake ni kesho. Akija keshokutwa, hata alie, siwezi kumsaidia. Atangoja Novemba, na bima yenyewe ianze Januari."

Delmer alimgeukia mkewe. Ilene alikuwa amejishika kifuani, pale penye uvimbe.

"Kiwandani walinipunguza kazi," Delmer akasema. "Mwezi wa nne."

"Lakini kila asubuhi nakufungia chakula! Unaenda kukilia wapi?"

"Ndani ya gari. Nyuma ya kanisa."

Nilimwonea Delmer huruma mpaka nikaona haya kuendelea kusikiliza, ila sikuondoka. Bi Orpha akavaa tena miwani yake. Ilene akavuta kiti karibu na meza.

"Andika, Orpha," akasema. "Huyu nitamgombeza nikishapona."