Gari la betri tulilokuwa nalo Kisauni kabla ya uhuru, na mama mkwe aliyelinywesha kombe

Wakuu, salaam aleikum, na wasio Waislamu hamjambo. Wakubwa wangu shikamoo, ingawa humu ndani sidhani kama wanaonizidi umri wamebaki wengi.

Nimesoma mnavyobishana juu ya bei ya petroli na haya magari ya umeme. Mmoja anasema ni mambo ya juzi yaliyoletwa na Wachina. Mwingine anasema betri ni utapeli, ikifa na wewe umekwisha. Mnatukanana mpaka mnatajiana mama zenu.

Tulieni kidogo.

Mimi nimekaa na gari la umeme uani kwangu Mjambere, hukohuko Kisauni, Kenya ikiwa bado ya Mwingereza. Sikuhadithiwa. Nimelipanda, nimeliosha, na nusura linilie minazi yangu. Wallahi siongezi chumvi, na mkifika mbele mtaona kwamba chumvi ndiyo iliyotuponza.

Shule sikusoma. Nilitoka chuo cha Kurani nikaolewa, kuandika nimejifunza ukubwani. Mkiona herufi imekaa vibaya, rukeni mwende mbele.

Haya.

Mume wangu Omari, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa Mzungu mmoja wa Nyali aliyeuza maziwa. Nyali ya wakati huo ilikuwa nyumba za Wazungu na mashamba, siyo hii ya maduka makubwa mnayokwenda kupigia picha.

Maziwa yalipelekwa nyumba kwa nyumba kila asubuhi. Gari laenda, lasimama, laenda, lasimama. Kwa petroli, mwendo huo ni kumwaga pesa barabarani. Na petroli ilikuwa yapanda wakati ule pia, msidhani mmeanza kulia ninyi. Tena kulikuwa na lile daraja la zamani la kwenda kisiwani Mombasa, lililokuwa likielea juu ya maji. Gari likipita, lilipe. Wenye malori walikuwa wakilitukana daraja lile asubuhi na jioni, na wapita vilevile.

Yule Mzungu akapiga hesabu zake, akaagiza kwao gari la betri.

Lilikuwa dogo, limekaa kama kabati lenye magurudumu. Milango ya dereva halina. Chini ya sakafu betri zimepangwa safu, nzito kama mawe ya Mwakirunge, kila moja na vizibo vyake juu. Usiku lachomekwa kwenye umeme, asubuhi latembea. Mbio halina, mtu wa baiskeli alikuwa akilipita akimpungia Omari mkono. Lakini tone la petroli halikuonja.

Kitu kimoja tu lilikunywa. Maji.

Wa siku hizi hamjui hayo. Betri za zamani zilikuwa zikikauka, basi dereva afungua vizibo, atia maji kidogo, afunga. Maji yenyewe yalikuwa safi ya chupa, yakinunuliwa gereji kisiwani. Likumbukeni hilo.

Uhuru ulipoanza kunukia, Mzungu akaona bora arudi kwao. Akauza vitu vyake. Gari akamwachia Omari kwa bei ya kutupa, kwa kuwa walikuwa wamesikizana miaka mingi, na pia kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka.

Watu walicheka. Jirani yetu mwenye lori la mawe alikuja mpaka mlangoni. "Omari, hilo gari ama ni friji? Likiharibika wamwita fundi ama daktari?"

Omari akaendelea kulifuta gari lake vumbi. Alikuwa mtu wa kufanya.

Kwetu Mjambere umeme haukuwapo. Aliyekuwa nao ni Mhindi mmoja wa tanuri la mikate, Kongowea. Omari akapatana naye: gari lilale kwake lichajiwe, asubuhi lisambaze mikate yake kwanza, halafu Omari aendelee na mizigo mingine, mboga, samaki, barafu, chochote cha kwenda Nyali ama kisiwani. Mchana arudi nalo nyumbani, ale, alale kidogo. Kabla hajalirudisha tanurini, atie maji.

Kazi ikashika. Tulikula vizuri, tukaezeka nyumba upya. Jirani wa lori akaacha kuuliza habari za friji.

Sasa mama mkwe wangu, Bi Mwanaisha, alikuwa akikaa nasi. Mwanamke mwema, mkali kunishinda mimi, na anipenda kwa njia yake ya kunigombeza. Kila alasiri alikaa barazani akimtazama mwanawe anavyoinama na chupa yake kulinywesha gari. Nasi hatukujua yaliyokuwa yakipita kichwani mwake.

Ukapita msimu mmoja wa upepo wa kusi. Gari likaanza kuchoka.

Mwanzo Omari alidhani ni mizigo. Likienda kisiwani, kurudi lavuta miguu. Baadaye likamzimikia juu ya daraja, ushuru ameshalipa, watu nyuma wapiga honi na kumtusi. Akalisukuma mpaka ng'ambo yeye na wauza samaki. Mhindi wa mikate akaanza kunung'unika, mikate yafika Nyali watu wameshakunywa chai.

Omari akauliza huku na huku. Akaambiwa betri zimekufa, atafute nyingine. Bei ya betri mpya ilikuwa karibu na ya gari lenyewe.

Ndipo akanigeukia mimi.

Baba yangu aliniachia minazi palepale Mjambere. Wale wa pwani mwajua, mnazi kwetu ni mtu wa nyumbani. Wakupa nazi, makuti, mafuta, kifumbu, fagio. Ile minazi ndiyo iliyonifanya niingie nyumba ya watu nikiwa na changu. Omari akataka niiweke rehani kwa tajiri mmoja wa Kongowea ili anunue betri.

"Ni ya muda tu," akaniambia. "Gari likisimama sawa, twaikomboa."

"Na lisiposimama?"

"Litasimama."

"Omari, hujui kilichoziua hizi, wataka kunizikia nyingine kwa minazi yangu?"

Tukagombana. Nikamwambia niache nifikiri. Yeye akaenda kusema na tajiri. Akaja na jibu: Ijumaa baada ya sala, tajiri yuwaja kuitazama minazi.

Wakuu, sikilizeni vizuri hapa.

Alhamisi ile, baada ya alasiri, Omari amelala. Mimi natoka jikoni, namwona mama mkwe aelekea kwenye gari na sahani nyeupe mkononi, ameishika kama mtu abebaye uji wa moto. Akapiga magoti kwa tabu, akafungua kizibo, akamimina. Akafungua cha pili. Mdomo wake wacheza, asoma.

Nikasogea. "Mama, wafanya nini?"

"Nyamaza. Nikimaliza."

Nikangoja mpaka akafunga kizibo cha mwisho. Sahani ilikuwa na rangi ya manjano. Zafarani.

Asiyejua nimweleze. Kombe ni aya zinazoandikwa kwenye sahani kwa zafarani na marashi, kisha zaoshwa kwa maji, na mgonjwa ama mwenye kuhofia jicho la watu ayanywa. Mama mkwe alikuwa akiyaosha kwa maji ya kisima chetu. Na kisima chetu, kama visima vingi vya Kisauni, maji yake ni ya chumvi. Ukipikia chai, hujui kama wanywa chai ama mchuzi.

"Mama, umelitia gari kombe?"

"Nalikinga! Macho ya Kisauni nzima yako juu ya gari hili. Yule wa lori huja hapa kufanya nini, kutusalimu? Mwanangu hana habari, basi mimi namlindia."

"Lakini mama, ni chuma."

"Chuma chanywa maji? Hili lanywa maji, nimeliona kwa macho yangu. Kinachokunywa maji kitashindwa kunywa dua?"

Mpaka leo nikifikiri, kwa yale aliyokuwa akiyajua na kuyaona, alikuwa na haki ya kusema hivyo.

"Tangu lini, mama?"

"Kila Alhamisi. Na lilipoanza kuugua nikaongeza Jumatatu."

Mwaona? Kadiri gari lilivyodhoofika ndivyo alivyozidisha tiba. Na kadiri alivyozidisha tiba ndivyo minazi yangu ilivyokaribia kwenda.

Nikaketi naye chini pale pale kwenye mchanga. Nikamwambia chumvi ya kisima ndiyo iliyoziua hizi betri, ndiyo maana Omari hununua maji ya chupa, na kesho tajiri aja kuitazama minazi ili zinunuliwe nyingine. Hakuwa akijua. Omari alimficha asimtie wasiwasi. Uso wake ukabadilika.

"Minazi ya babako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwambie mumeo."

"Abadan. Nikimwambia mimi, nitakuwa mke aliyemchongea mama. Utamwambia wewe, leo, akiamka. La sivyo nitasema mimi kesho mbele ya tajiri."

"Una roho ngumu, mwana wewe."

"Nimeolewa kwenye nyumba yenye mwalimu," nikamjibu. Akacheka kwa pua, akaninyooshea mkono nimwinue.

Omari alipoamka akaambiwa. Sahani aliwekewa mbele yake, na mama mkwe akasimama wima kama mtu aliye mbele ya kadhi. Omari hakupaza sauti. Akatazama sahani, akalitazama gari, akamtazama mamake.

"Mama," akasema, "umelisomea mpaka limekufa shahidi."

Hapo tukacheka sote watatu, na machozi yakiwemo, kwa sababu hasara ilikuwa bado ipo palepale.

Ijumaa tajiri akaja na mtu wake wa kuweka alama kwenye minazi. Nilimpokea mwenyewe. Nikampa dafu, anywe. Nikamwambia, "Baba, dafu ndilo la kukukaribisha, rehani haipo." Akamtazama Omari. Omari akatazama chini. Tajiri akamaliza dafu lake akaenda zake.

Sasa ndio kazi ikaanza. Omari akaenda Changamwe kumtafuta fundi wa relwe aliyekuwa akitengeneza betri za taa za mabehewa. Fundi akaja, akafungua, akanusa.

"Hii betri mbona yanukia harusi?"

Hakuna aliyemweleza.

Akamwaga asidi yote, akasuuza, akatia mpya, akachaji taratibu. Akatuambia kweli bila kutupaka mafuta: kuna zilizopona, kuna zilizokwenda. Gari litatembea, lakini nguvu ya zamani litaota tu.

Omari akavunjika moyo. Alitaka kisiwani, kwenye faida kubwa. Mimi nikamwambia, "Lipunguzie safari. Acha kisiwa. Mikate ya Mhindi, Kongowea na Nyali, basi. Na lile daraja usililipe tena hata senti."

Tukafanya hivyo. Na maji? Tuliacha kununua ya chupa kila mara. Tulikinga ya mvua, safi, kwenye mtungi mpya uliofunikwa. Fundi alisema kwa zee kama lile yatafaa, bora yasiguse chuma wala chumvi. Mlinzi wa mtungi akawa nani? Bi Mwanaisha mwenyewe. Hakuna mtoto aliyethubutu kusogea na kata. Dua zake akasoma kimoyomoyo, na hizo hazikudhuru betri.

Petroli ikazidi kupanda. Lori la jirani kuna siku lilikuwa limelala uani kwa kukosa cha kutia, na sisi twapita taratibu na mikate. Omari alimpungia mkono. Mimi ndiye niliyesema, "Friji lapita!"

Uhuru ulipofika gari lilikuwa bado lazunguka. Lilitubeba wanawake wa mtaa mpaka mdomoni mwa daraja, tukashuka, tukavuka kwa miguu kwenda kwenye sherehe. Baadaye lilichoka kabisa, likawa banda la kuku. Kuku walilipenda.

Minazi ikabaki. Iko mpaka leo, ile ambayo haikuzeeka.

Kwa nini nimeyatoa haya? Kwa sababu mjukuu wangu Salim alikuja kwangu na maneno yaleyale ya babu yake. Tuktuk yake ya petroli yamla. Mafuta, bima, askari, vipuri, akifika nyumbani hana kitu. Ataka ya umeme. Akaniomba tuuze shamba la minazi.

Nikamwambia nipeleke kwa hao wauzaji.

Kijana wa dukani akaanza kunieleza mbio na taa. Nikamkatiza. "Mwanangu, hii betri yafunguliwa?"

"Hapana bibi, imezibwa kabisa."

"Mtu hawezi kutia kitu ndani?"

"Hata tone, bibi."

"Ikichoka?"

"Waleta, wapewa iliyojaa, waendelea."

"Na umbali gani itakwenda ikiwa nzee?"

Hapo akakuna kichwa kwanza ndipo akajibu. Nikampenda kwa kule kukuna kichwa.

Shamba sikuuza, na halitauzwa nikiwa hai. Madafu na makuti yametoa malipo ya kwanza, yaliyobaki Salim alipa kidogo kidogo kwa jasho lake. Ameikamata kazi ya Kisauni na Nyali, safari fupi fupi. Hajaja kunililia tena.

Kwa hivyo ninyi mnaosema betri ni utapeli, na ninyi mnaosema ni muujiza, nyote hamjakaa nayo. Gari la betri ni zuri. Jua lanywa nini, jua lafika wapi, na usiuze kisichorudi kwa ajili ya kitu kinachochakaa. Basi.

Mwenye mzee kwao aliyeliona gari kama lile Mombasa aje aseme hapa, nitafurahi. Mwenye kubisha pia abishe, lakini kwa adabu, mimi si mwenzenu.

Na asubuhi ile tuktuk ilipofika nyumbani, nilitoa sahani ya Bi Mwanaisha, ninayo bado. Nikaandikisha kombe kwa maalim, nikaliosha kwa maji ya mvua.

Akanywa dereva.