Sauti Iliyokwenda kwa Wote

Ofisini kwetu, idara ya afya, kuna mwenzetu tunayemwita Mama Ukurasa. Ukurasa wa idara mtandaoni anaulea kama mwanawe: hujibu kila mtu, hata anayetutukana. Mimi, jirani yake wa meza, nilimwambia anatwanga maji kwenye kinu. Tunabandika nembo na picha ya mikono yenye sabuni, nani ana muda nayo?

Kipindupindu kilipoingia mtaa wa bondeni, alisikia kwamba mtoto wa mdogo wake anaharisha, na mama mtu amemficha ndani. Uvumi ulisema ukiingia kambi ya wagonjwa hutoki. Alipiga simu, haikupatikana. Basi akarekodi ujumbe wa sauti:

"We mdogo wangu, acha ujinga! Mtoto akiharisha maji kama ya kuoshea mchele, hangoji kesho. Mbebe umlete sasa hivi. Hakuna anayeuawa kambini. Nitakaa naye mimi mwenyewe. Mlete mwanangu, nakuomba!"

Akatuma. Kumbe ameshika simu ya kazi, na sauti imekwenda kwenye ukurasa wa idara.

Mkuu wetu alitoka chumbani kwake mbio. "Futa! Idara haiiti watu wajinga!"

Mama Ukurasa alikuwa anatafuta pa kufutia pale mwanamke mmoja alipoandika chini yake: "Dada usigombe, namleta wangu." Akafuata mwingine. Mkuu akasoma. "Iache," akasema.

Mama Ukurasa akakimbilia kambini kumngoja mdogo wake, nami nikamfuata. Wanawake walikuwa wanaingia na watoto mgongoni, na kila mmoja aliamini amegombezwa yeye. Miaka yote ya nembo zetu sikuwahi kuona hata mmoja akija hivyo. Nilijiona mdogo kama punje.

Mdogo wake akatokea katikati yao, mtoto kalegea begani.

"Simu yangu haina chaji," alisema akilia. "Jirani kaniletea yake, kaniambia nisikilize. Nikaijua sauti yako, dada."

Mtoto akatundikiwa dripu, na Mama Ukurasa akaketi kando yake, kamshika mguu. Ndipo mwanamke wa kitanda cha pili, asiyemjua hata kwa sura, akamvuta kanga.

"Na wangu je? Si ulisema utakaa naye?"

Mama Ukurasa alimtazama. Akamwachia mdogo wake ule mguu, akahamisha kiti.