Mkwe Jikoni

Kaka yangu alikuja kukaa kwangu Homa Bay kwa sababu ya chakula. Kifua kikuu kilikuwa kimemkondesha mpaka koti lake la uvuvi likawa linamning'inia kama limeanikwa. Kule Karungu, kwake, dawa alizomeza tumbo likiwa tupu zilirudi zote. Kliniki moja hapa mjini ilikuwa na jiko. Mgonjwa kama yeye alipewa chakula cha mchana bure: ugali wa wimbi, maharagwe, mboga, yai, siku nyingine samaki, kisha anameza dawa hapo hapo. Daktari alituambia wazi kwamba asipoongeza kilo, dawa peke yake hazitamwokoa.

Sharti lilikuwa moja. Chakula kiliwe pale pale, kwenye mabenchi yaliyotazama dirisha la jikoni, mpishi akiona. Niliuliza kwa nini, maana mimi huuliza kila kitu. Hilo ndilo nililotoka nalo chuo kikuu, kazi bado.

"Akibeba nyumbani wanakula watoto," sista alijibu bila kuinua macho. "Tumezika watu hivyo."

Siku ya kwanza kaka alichungulia dirishani, akashusha kofia usoni, akageuka kurudi alikotoka. Mwenye mwiko alikuwa maro wake, mama mzazi wa mke wake. Alikuwa ameajiriwa wiki hiyo hiyo na sisi hatukujua.

Kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe naye hali mbele yake. Hata mkono hawapeani. Nilipokuwa mdogo niliuliza sababu, nikaambiwa ni heshima. Nikauliza heshima ya nini, nikaambiwa nikalete kuni.

"Ni mdomo tu unafunguka," nilimwambia kaka nje ya lango. "Ataona nini? Meno?"

"Nyaminwa, nyamaza." Huniita hivyo, yaani dada, akitaka nimwonee huruma.

"Kwa hivyo utakufa na aibu?"

"Wewe hujaolewa. Ukiolewa tuone kama utatafuna ugali mbele ya baba ya bwana yako."

"Nitatafuna hata mfupa."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika nguzo ya lango mpaka kikaisha.

Tulirudi ndani tukajaribu. Mama mkwe alipomwona aliacha mwiko ndani ya sufuria, akamwachia mwenzake apakue, akageukia ukuta. Kaka alikaa mwisho kabisa wa benchi, akawapa watu wote mgongo, akala matonge machache. Sahani ikarudi karibu kama ilivyotoka. Ikawa hivyo siku baada ya siku, na kila alipopanda kwenye mizani sista alikunja uso.

Nilimwomba sista aniruhusu nibebe chakula hadi chumbani kwangu, nimtazame mimi mwenyewe akila. Akakataa. Akimruhusu mmoja, alisema, kesho wote watakuja na bakuli. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira yenyewe ikakosa mahali pa kutua. Kliniki ilitaka lazima aonekane akila, ukoo ulitaka lazima asionekane, na kila upande ulikuwa na sababu ya maana. Nimezoea kumpata mjinga katika kila hoja. Hapa nilimtafuta nikamkosa, na mtu alikuwa anakonda mbele yangu.

Kisha siku moja tulimkuta dirishani mwanamke mwingine, kijana. Alisema mama yule ameacha kazi na hakueleza sababu. Kaka alisikia. Alikaa katikati ya benchi, akanawa, akamaliza sahani yote bila kuinua uso. Mke wake ndiye aliyenieleza kwa simu, akilia, kwamba mshahara ule wa mama yake ndio uliokuwa ukiwalisha watoto wao kule Karungu.

Kwa wiki kadhaa kaka alikula vizuri, na kilo zikaongezeka kidogo. Halafu homa zikarudi. Daktari alibadilisha dawa, na hizi mpya zikamwondolea hamu ya chakula kabisa. Sahani zikaanza tena kurudi, safari hii bila mtu wa kumwonea haya.

Wakati huo ndipo nilipomkuta mama mkwe sokoni, amekaa chini, omena, wale dagaa wa ziwani, zimetandazwa kwenye gunia mbele yake.

"Anakula?" aliniuliza hata kabla ya salamu.

"Anakula, mama."

"Anamaliza?"

Jana yake alikuwa ameshindwa hata na yai.

"Anamaliza."

"Kumbe ugali wangu ndio ulikuwa mbaya!" Alicheka mpaka wauzaji wenzake wakageuka. Kisha akanifungia omena kwenye gazeti, akaongeza konzi nyingine juu. "Mpikie. Lakini usimwambie zimetoka kwangu. Akijua hatameza."

Jioni nilizipika na nyanya nyingi, kama apendavyo. Kaka alionja mchuzi, akausubirisha mdomoni, akameza kwa shida. Kisha akasukuma bakuli upande wangu.

"Kula wewe, nyaminwa."