Mama Mkubwa Aingia Majini

Dada yake mama yangu, Mama Mkubwa Edelmira, alikuwa yaya wa familia moja tajiri ya Santiago, mji mkuu wetu hapa Chile, mpaka nywele zikawa nyeupe. Kila Februari, ambayo kwetu ni kiangazi, familia ilihamia Viña del Mar, mji wa pwani, kupunga upepo, naye akabebwa pamoja na mataulo. Alisimama mchangani amevaa aproni nyeupe na viatu, akiwaangalia watoto wa watu wakiogelea. Yeye kuingia majini ilikuwa marufuku. Bibi mwenye nyumba alisema si picha nzuri mbele ya majirani. Mimi nikilifikiria neno hilo, picha, damu huchemka hadi leo.

Mwaka huu alistaafu. Jumamosi asubuhi akanigongea mlango kule Santiago, ndani ya gauni tayari amevaa nguo ya kuogelea, nyekundu, ya maua.

"Yasna, amka. Twende Viña, jioni turudi. Leo naoga."

Tulipitia kwanza Valparaíso, mji wa bandari jirani na Viña, kumsalimia mama, kwa maana ukikatiza bila kumwona atanuna hadi Krismasi. Anaishi kilimani, kwenye nyumba ya mabati iliyopakwa rangi ya njano, na chupi za jirani zikipepea juu ya ngazi. Alitukaangia samaki. Aliposikia habari, akaweka mwiko chini.

"Dada, una wazimu? Bahari si ni hiyo hiyo? Shuka hapo chini ufuoni Torpederas uoge na wenzako!"

"Hiyo ya kwenu nimeoga tangu sina meno, Herminda. Naitaka ile niliyokatazwa."

"Watakucheka na hayo magoti yako!"

"Wacheke. Yamechakaa kwa kusugua sakafu zao."

Mama akaokota mwiko, akamwongezea samaki.

Treni ya pwani haichukui muda kufika Viña, lakini unashuka dunia nyingine. Kwetu Valparaíso mbwa ni wa mtaa mzima na hulala popote apendapo. Viña hata mbwa anatembezwa kwa kamba, na maua yamepangwa kama yameamriwa. Mama Mkubwa hakuangalia maua. Alikwenda moja kwa moja hadi mchanga ulio mbele ya jengo refu lenye nyumba ya likizo ya familia ile, aliyokuwa akiifagia, akavua gauni mchana kweupe. Wanawake wawili chini ya mwavuli walitazamana. Nikawakodolea macho mpaka wakarudi kwenye majarida yao.

Alikuwa ameshavua kiatu kimoja tuliposikia sauti.

"Yaya! Yaya wangu, siamini!"

Ni Raimundo, mtoto wa mwisho aliyemlea katika familia ile, sasa mwanamume mwenye kitambi na watoto wawili wadogo. Alimkumbatia kwa nguvu, na machozi yalimlengalenga, siwezi kumsingizia. Mama Mkubwa naye alimshika mashavu. Alimpenda, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mungu amekuleta, Yaya," akasema. "Niangalizie hawa dakika moja tu, nipande juu kupiga simu. Kama zamani!"

Watoto walikuwa wameanza kukimbilia maji. Nikaona mkono wa Mama Mkubwa ukinyooka kuwafuata, wenyewe tu, kwa mazoea. Nusura nipige kelele. Mkono ukasimama hewani, ukarudi.

"Rai," akasema, "baba yao ni nani?"

"Mimi, Yaya."

"Basi angalia wanao."

Akavua kiatu cha pili. Akamwekea viatu mikononi, akamvika mkoba wake begani, na gauni akamtupia juu. "Na hivi pia. Nikitoka nivikute vyote."

"Lakini Yaya, simu yangu..."

Hakusikia, au hakutaka. Aliingia majini akitembea wima. Maji ya pwani yetu yanauma kama barafu. Alipiga ukelele uliogeuza vichwa vya ufuo mzima, kisha wimbi likamwangusha, akaibuka akikohoa, akilitukana wimbi na kucheka. Watoto wa Raimundo walimpigia makofi. Mimi nililia bila aibu.

Raimundo alibaki amesimama na mkoba begani, watoto wakimvuta suruali. Baada ya muda akanisogelea.

"Samahani, dada. Atatoka saa ngapi?"

"Akitaka," nikamwambia.