Tuzo ya Ujasiri

Shuleni walimwita Twiga, kwa urefu wake na kwa kuwa sauti yake ilikuwa haisikiki. Kila Ijumaa mwalimu wa malezi, mama mmoja mcheshi, aliwapangia viti duara, wajifunze mambo yasiyotoka kwenye mtihani: kuitambua hasira kabla haijakupanda kichwani, kumsikiliza mwenzako, kuijua nguvu iliyo moyoni mwako. "Na ya humu," alisema akifunga mlango, "yanabaki humu."

Zamu ya Twiga ikifika, hana la kusema. Mchekeshaji wa darasa akazoea kumsemea: "Twiga leo kafunga duka, tuendelee."

Ijumaa moja mwalimu akauliza nani kabeba mzigo peke yake. Twiga akajikuta anaongea. Mama yake alijifungua mtoto mfu, na tangu hapo hajanyanyuka kitandani. Baba, dereva wa lori, muda mwingi yuko safarini. Yeye ndiye anayemwogesha mama na kumchana nywele, kisha anamwandaa mdogo wake kwenda shule. Majirani wakiuliza, anasema mama ana homa. Mama mwenyewe alimsihi: "Usimwambie mtu, mwanangu. Watasema nimerukwa na akili."

Hakuna aliyecheka. Mchekeshaji alivuta kiti chake, akakaa karibu naye. Twiga alirudi nyumbani mwepesi.

Ikaja siku ya wazazi. Baba akiwa safarini, alikuja shangazi. Mwalimu akashika kipaza sauti, akatangaza tuzo ya ujasiri, akaanza kusimulia: mtoto aliyezaliwa mfu, mama asiyetoka kitandani, binti anayemwogesha. Sauti ilimtetemeka kwa upendo. "Twiga, njoo mbele, binti yangu!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi, isipokuwa shangazi. Twiga hakwenda mbele. Alitoka kwa mlango wa pembeni, akazunguka mitaani hadi jioni.

Alipofika nyumbani, shangazi alikuwa anafungasha nguo za mdogo wake. "Wifi, kumbe mlikuwa mnatuficha? Mtoto halelewi na mgonjwa wa kichwa." Akaondoka naye, mtoto analia njia nzima.

Mama akageuka kutoka ukutani. "Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi, mama."

Mama akaugeukia ukuta tena.

Jumatatu mwalimu alimngoja nje ya darasa. "Nilitaka watu wakuone ulivyo, mwanangu. Nilikuwa najivunia."

"Mimi sikuwaambia watu, mwalimu. Nilikuambia wewe."

Mwalimu alilia palepale, wanafunzi wakipita. Twiga akaomba ruhusa, akaingia darasani.

Baba aliporudi alimfuata mdogo kwa shangazi, akampeleka mama hospitali. Alitibiwa, akapona polepole. Siku hizi anagombana na wauza mboga kama zamani. Ndugu humwambia Twiga kwamba bila tangazo lile mama asingepata dawa. Huenda ni kweli. Hilo halijamwondolea uchungu. Limemnyima tu mahali pa kulalamikia.

Sasa Twiga ni fundi wa miwani, ana watoto wake. Mwalimu, aliyekwisha kustaafu, humpigia simu mara kwa mara. Twiga hupokea, humwamkia kwa heshima, humuuliza habari za magoti.

"Na wewe, binti yangu, moyo wako vipi?"

"Salama tu, mwalimu."